Mzee Aliyekuja Kuisalimia Kofia Yake

Mume wangu husema kwamba tangu nianze kazi ya kofia sijawahi kumtazama mtu usoni. Ni kweli. Mtu akinisimamisha barabarani, macho yangu huanzia kwenye nyusi zake na kuendelea kupanda. Nimewahi kumpita daktari aliyenizalisha mtoto wangu wa pili, nikamwacha anapunga mkono peke yake, kwa sababu hakuwa amevaa kitu kichwani. Na nimewahi kumfuata mwanamke nisiyemjua mitaa mitatu, hadi akageuka na kuniuliza kama nina shida. Nilikuwa nayo. Alikuwa amevaa kofia ya majani ya zamani, na alikuwa ameivaa nyuma mbele.

Kibanda changu kiko Elerai, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nilianza kama fundi cherehani wa sare za shule. Kofia zilinijia baadaye, pale mama yangu aliponiachia zake tatu na nikagundua kwamba akina mama wa kanisani wanaziulizia kuliko walivyoulizia msiba. Sisi watu wa Kilimanjaro tunaoishi Arusha, tukisikia kuna harusi, jambo la kwanza ni kamati na la pili ni nguo ya mama wa bibi harusi. Na siku hizi nguo bila kofia haijakamilika. Basi nikaanza kutafuta kofia za majani za zamani, kwenye mitumba ya Tengeru na kwenye makabati ya bibi za watu. Nazisafisha, naziunda upya, nawauzia wenye sherehe.

Kofia ya majani ikishapigwa mvuke hulegea kama chapati, na lazima uivalishe kitu chenye umbo la kichwa ili ikauke vizuri. Nimesikia kwamba kwa wenzetu kuna vichwa maalumu vya mbao. Mimi nina sufuria. Nazigeuza juu chini, nazifunga taulo, kofia inakaa. Kwa hiyo wateja wangu wote nawajua kwa sufuria. Mke wa mchungaji ni sufuria ya lita tatu na taulo moja. Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ni ya lita tano bila taulo, na hilo sitamwambia kamwe.

"Leo tunapikia nini?" mume wangu huuliza akitoka kazini na kukuta jiko tupu.

"Kuna birika."

"Birika nalo linatoa mvuke."

Tumekula mikate mingi sana katika ndoa hii.

Sasa niseme kidogo jinsi ninavyoitambua kofia ya thamani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilifanya niliyoyafanya Ngaramtoni. Kofia nyingi za majani hutengenezwa kwa ukili, yaani utepe uliosukwa, ukazungushwa kama gamba la konokono na kushonwa kwa cherehani. Ukiigeuza unauona uzi. Hiyo ni kofia nzuri. Lakini kofia nzuri sana haina uzi hata mmoja. Imesukwa nzima kwa mkono, kuanzia kitovu chake pale juu katikati, na majani yanaongezwa kidogo kidogo hadi ukingoni. Kadiri majani yalivyo membamba ndivyo thamani inavyopanda. Ndiyo maana natembea na kioo cha kukuzia nilichonunua kwa fundi wa saa, pamoja na rula fupi ya mtoto wa shule. Nahesabu mistari iliyomo katika upana wa kidole. Nikizidi ishirini, moyo unaanza kwenda mbio.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Ngaramtoni kununua maharage. Nilipita upande wa mnada wa mifugo kukwepa tope, na katikati ya mbuzi kama arobaini nikaiona. Ilikuwa juu ya mzee mrefu sana, mrefu kiasi kwamba kofia ilionekana kama imetundikwa hewani. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyosahaulika kikombeni. Ukingo wa kushoto ulikuwa umetafunwa. Lakini jua lilipoipiga, mwanga ulipita kwenye majani yale kama unavyopita kwenye kitambaa cha hariri, na nikajua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana miaka miwili," akasema, akampiga mbuzi mmoja kofi la mgongo. "Hajawahi kukohoa."

"Sitaki mbuzi, baba."

"Kila anayesimama hapa anataka mbuzi."

"Nataka kuiona kofia yako."

Akainua macho juu, kana kwamba kofia ilifika pale bila yeye kuarifiwa.

"Si unamwona," akasema.

Kiswahili chake, kama cha wazee wengi wa upande ule ambao wamekulia katika Kiarusha, hakikubagua watu na vitu. Kila kitu kwake kilikuwa "huyu". Mbuzi huyu, gunia huyu, mvua huyu.

"Nataka kuiona kwa karibu. Ukiivua kidogo tu..."

"Huyu havuliwi sokoni."

"Kwa nini?"

"Mbuzi hawatanijua."

Nilimbembeleza. Mwishowe akakubali jambo moja: angeinama, mimi niangalie, lakini kofia ibaki kichwani. Basi akainama pale katikati ya mnada, mikono juu ya fimbo yake, nami nikatoa kioo na rula nikaanza kuhesabu. Nilihesabu kwa sauti, maana nisipohesabu kwa sauti napotea. Watu wakaanza kukusanyika.

"Ishirini na sita. Ishirini na saba..."

"Maskini mzee wa watu," nikasikia mama mmoja akisema nyuma yangu. "Chawa wote hao!"

"Ampake mafuta ya taa," akashauri mwingine.

"Ishirini na tisa," nikasema, na sauti yangu ikapasuka. Tangu nianze kazi hii sikuwa nimeiona ishirini na tisa. Yule mama wa kwanza akawashika watoto wake mkono na kuwaondoa.

Nilimweleza mzee kwamba alikuwa na kitu cha thamani kichwani na kwamba ningependa kukinunua. Akasema jambo hilo haliwezi kuamuliwa na yeye peke yake, mke wake lazima awepo. Tukatembea nusu saa kupanda kupitia mashamba ya mahindi, mimi, yeye na mbuzi wake wote. Hakuuza hata mmoja siku ile, kwa sababu kila mteja alipokuja alikuta mzee anasikiliza sifa za kofia.

Mke wake alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye shanga hadi kifuani na uso usio na muda wa kupoteza. Tulipomaliza salamu na kueleza shida, hakungoja niketi.

"Ichukue," akasema.

"Bado hatujaelewana bei, mama."

"Ichukue tu. Nimeishi na hiyo kofia tangu ujana wangu. Mvua ikinyesha, inaingizwa ndani kabla ya nguo zangu. Tukienda kanisani inawekwa kwenye benchi kama mtu, mimi nakaa nje ya benchi nusu. Kama una gari, mchukue na yeye."

Mzee alijifanya hakusikia. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kwa nini nilikuwa nimeguna nilipoangalia sehemu ya mbele. Nikamwambia ukweli: pale mbele anapoishika kwa kidole gumba akitaka kusalimia watu, majani yamekauka na yameanza kupasuka.

Akaketi kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

"Atapona?"

"Atapona, lakini anahitaji kazi nyingi."

Hapa niseme wazi. Ningeweza kuitengeneza na kumrudishia kwa malipo ya fundi. Sikusema hivyo. Nilisema kwamba juani na mbuzi haitadumu, na hilo pia lilikuwa kweli, lakini nililisema haraka mno. Tukaelewana bei, mke wake akiwa ndiye msemaji mkuu wa pande zote mbili. Kisha mzee akasimama, akaishika kofia kwa mikono miwili, akatoa masharti. Kwanza, asiuziwe mtu mfupi kuliko yeye, kwa sababu amezoea kuona mbali. Pili, asinyeshewe. Tatu, yeye mwenyewe aruhusiwe kuja kumwona.

Nikakubali yote matatu kama mtu anavyokubali masharti ya simu, bila kusoma.

Jumatatu iliyofuata, kabla sijafungua dirisha, nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni, kichwa wazi, paji la uso jeupe kuliko mashavu kwa ajili ya miaka yote ile ya kivuli. Akanisalimia, akaulizia mume wangu, watoto, kuku. Kisha akaenda kwenye meza ambapo kofia ilikuwa imekaa juu ya sufuria ya lita nne, akaongea nayo Kiarusha kwa muda mrefu.

"Umeiambia nini?" nikamuuliza.

"Habari za nyumbani."

Nilikuwa nimeshaisafisha kwa maji ya limao na mswaki. Ndani ya utepe wa ngozi unaogusa paji la uso nilikuta sindano ya kushonea magunia, risiti ya dawa ya kupe, na jino dogo la mtoto. Nikampa vyote. Lile jino akalitazama sana.

"La mwanangu wa kwanza," akasema. "Sasa ni dereva wa lori. Ana ndevu." Akaliweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Baada ya hapo akawa anakuja kila Jumatatu. Nilipaka gliserini kwenye majani, taratibu, siku baada ya siku, hadi yakaanza kupinda bila kulia. Nilipoinua sehemu ya juu kwa mvuke na kufuta ile mikunjo yake ya zamani, alikuja, akaitazama, akauliza kama ilikuwa na homa. Na nilipoukata ule ukingo uliotafunwa, nikaukunja na kuushona kwa uzi wa hariri, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Umemkata masikio," akasema.

"Upande mmoja ulikuwa umeliwa na mbuzi, baba. Nimelinganisha."

"Mbuzi yule nilimsamehe. Wewe bado nafikiria."

Alikaa kwenye kigoda akafikiria mpaka saa sita. Nilimpa chai. Ilikuwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ya ile sura yake, ndipo nilipomweleza kwamba tangu mwanzo ningeweza kumtengenezea tu na kumrudishia, na kwamba bado naweza, nikirudishiwa hela yangu.

"Najua," akasema. "Mke wangu aliniambia siku ile ile, hujafika hata barabarani. Aliniambia, huyo mama ana macho ya mtu aliyeona mahari."

"Mbona hukuja kuidai?"

"Hela tumenunulia bati. Na mimi nimezeeka, natetemeka mkono." Akanionyesha mkono wake, na kweli kidole gumba kilikuwa kinacheza. "Ningemmaliza mwenyewe. Lakini masikio ungeniuliza."

Basi kuanzia hapo nikawa namuuliza, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa la kibiashara, maana mzee akishaulizwa jambo moja anajibu yote. Nilitaka kuweka utepe wa rangi ya damu ya mzee, nilioutoa kwenye tai ya zamani ya mume wangu. Akakubali. Nilitaka kuchomeka unyoya wa kanga pembeni. Akauliza kama nimewahi kuona kanga akivaa kofia. Nikautoa. Wateja walipoingia, alibaki kwenye kigoda chake, akitazama.

Siku moja alikuja mama mmoja anayefanya kazi benki, mteja mzuri, hapendi kupunguziwa bei kwa sababu anaona ni dharau. Alijaribu kofia pana ya rangi ya krimu, akajigeuza mbele ya kioo.

"Imenipendeza?" akaniuliza mimi.

"Umefanana na uyoga," akasema mzee.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama akamtazama mzee, akajitazama kwenye kioo, akamtazama tena mzee.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Uyoga mzuri, lakini uyoga."

Akaivua. Akajaribu nyingine ndogo, yenye ukingo uliopinda upande mmoja. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei ya fahali. Akainunua hiyo, na wiki iliyofuata akarudi na wenzake wawili wakiuliza mlangoni, "Yule mzee yupo leo?" Ikawa hivyo. Akina mama wakaanza kuja Jumatatu makusudi. Mmoja aliambiwa anafanana na mtungi uliofunikwa, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kuuza kofia nyingi kama miezi ile, na sikuwahi kutokwa na jasho vile.

Lakini kwa ile kofia yake, hakuna aliyefaulu. Huyu mfupi. Huyu anacheka sana, kofia itaanguka. Huyu hana shingo. Mke wa mkandarasi mmoja alitoa hela kabisa akaziweka mezani, na mzee akasimama wima kando yake, ili sote tuone kwamba alimfika begani. Nikazirudisha hela. Mume wangu aliposikia, aliniuliza ni nani mwenye duka. Nilimwambia bado tunachunguza.

Halafu akaja mwalimu. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa jiografia, anakaa Olasiti, na aliingia kwangu kwa kuinama kwa sababu mlango wangu haukujengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Binti yake alikuwa anaagwa, send-off ilikuwa Jumamosi ijayo, na alikuwa ametafuta kofia mji mzima bila kupata inayomkaa. Aliiona ile juu ya sufuria, akaiendea. Nilimvalisha. Sijui niseme nini. Ilikuwa kama kichwa chake kilikuwa kimekaa miaka sitini kikiisubiri. Sufuria ya lita nne kamili, bila taulo.

Mzee akainuka kutoka kwenye kigoda.

"Geuka," akamwambia.

"Samahani?"

"Wapimane," nikasema kwa aibu. "Yaani mpimane. Ni masharti, mwalimu. Nitakueleza."

Wakasimama mgongo kwa mgongo, kofia ikiwa pembeni, nami nikapanda juu ya kiti na kuweka rula juu ya vichwa vyao. Mwalimu alimzidi kwa upana wa kidole. Niliangalia mara mbili. Mzee naye akaomba nitoe nywele za bandia za mwalimu kwenye hesabu, tukatoa, bado alizidi kidogo.

"Una mbuzi?" mzee akamuuliza.

"Sina."

"Vizuri. Mvua ikinyesha?"

"Naingia ndani."

"Na huyu?"

Mwalimu akafuata kidole chake hadi kwenye kofia. "Naingia naye," akasema, kwa utulivu wa mtu aliyefundisha kidato cha pili miaka mingi.

Mzee akampa mkono. "Jumamosi nitakuja kumwona akiwa kazini," akasema.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama dari. "Karibu sana, baba," akasema, kwa sababu mtu akishajikaribisha mbele ya watu hakuna jibu lingine tulilofundishwa.

Mwalimu alikuwa amenipa kadi ya watu wawili. Mume wangu alinipa nafasi yake kwa furaha kubwa kuliko ilivyostahili. Lakini Jumamosi hiyo mzee alifika kwangu na mke wake, wote wawili wamevaa mashuka mapya, kwa hiyo tulikuwa watatu. Mlangoni kwenye bustani ya sherehe kijana mwenye suti akaihesabu kadi na kutuhesabu sisi.

"Mzee, wewe uko upande gani?" akauliza.

"Mimi ni wa kofia," mzee akajibu.

"Kamati ya kofia?"

"Ndiyo."

Kijana akaangalia orodha yake. Kulikuwa na kamati ya chakula, ya mapambo, ya usafiri, ya vinywaji na ya ulinzi. Nadhani aliona aibu kwamba ya kofia ilisahauliwa. "Pita, mzee," akasema. "Pole kwa usumbufu."

Mwalimu aliingia na binti yake saa kumi alasiri, wakicheza hatua mbili mbele moja nyuma kutoka getini hadi kwenye hema, na nawaambia hakuna aliyemtazama binti. Ilikuwa imekaa pale juu, rangi ya asali, utepe mwekundu uliokolea, ukingo umetulia. Nilisikia nyuma yangu mama mmoja akisema, "Hiyo imetoka Dubai." Nikafurahi kiasi cha kutomsahihisha.

Walikuwa katikati ya uwanja mvua ilipoanza. Si kubwa, manyunyu tu ya mlimani. Kabla mtu yeyote hajainuka, mzee alikuwa ameshanyakua mwavuli wa mpiga picha na kukimbia. Mtu wa umri ule sikujua kwamba anaweza kukimbia hivyo. Akaunyoosha mwavuli juu ya kofia, akausogeza pale kofia iliposogea, akipiga hatua mbili mbele moja nyuma pamoja nao. Mabega ya mwalimu yalilowa. Binti alilowa. Kofia ilifika hemani kavu kabisa.

Sasa mshereheshaji, aliyekuwa na kipaza sauti na kazi ya kuelewa kila kinachotokea, aliona mzee mrefu mwenye fimbo amemsindikiza mama wa bibi harusi chini ya mwavuli, akafikia uamuzi wake.

"Wapendwa," akasema, "hicho ndicho tunachokiita upendo wa babu! Babu wa bibi harusi, tafadhali, tupe neno la baraka kabla binti hajaondoka!"

Nilijaribu kusimama. Mke wa mzee akanikalisha kwa mkono mmoja. "Mwache," akasema. "Nataka kusikia."

Mzee akapokea kipaza sauti, akakiangalia, akakishika vizuri kama fimbo.

"Mimi huyu nimekaa naye miaka mingi," akaanza. "Nimemtunza. Hajanyeshewa. Siku nilipomtoa nyumbani sikula. Nilimpeleka Elerai kwa mama yule pale." Akaninyooshea fimbo, na watu mia mbili wakanigeukia. "Akamwosha. Akampaka mafuta. Akamkata masikio kidogo, nikakasirika, nikasamehe."

Minong'ono ikapita upande wa bwana harusi. Binti akajishika sikio.

"Leo namwona, naona amependeza kuliko alivyokuwa kwangu. Ninyi mnaomchukua, sikilizeni. Msimwache juani. Msimshike hapa mbele kwa kidole, anapasuka. Akichafuka, msimpige na brashi ngumu, tumieni limao. Na mkichoka naye," hapo sauti yake ikatetemeka, "msimtupe. Mnirudishie mimi."

Sijawahi kusikia kilio kama kile kwenye sherehe ya furaha. Akina mama walilia, mpiga picha alilia, kijana wa mlangoni alivua miwani. Baba wa bwana harusi akasimama mbele ya watu, mkono kifuani, akaahidi kwamba ukoo wao haujawahi kumpiga mtu kwa brashi na hautaanza leo. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na shangazi zake wakamkimbilia na karatasi laini, wakidhani analia. Mimi niliona mdomo wake chini ya ukingo. Alikuwa anajing'ata asiangue kicheko.

Kisha upande wa bwana harusi wakaleta blanketi ambalo kwa desturi hupewa babu wa bibi harusi, wakamvika mzee mabegani kwa vigelegele. Ndipo babu halisi, mzee mdogo wa Machame aliyekuwa amesinzia meza ya mbele tangu sala ya kufungua, akaamka na kuuliza kwa sauti kubwa kwa nini blanketi lake amevaa mtu mwingine. Mshereheshaji akafungua daftari lake, akalifunga.

Mzee hakubabaika. Akaenda hadi meza ya mbele, akavuta kiti, akakaa karibu na babu halisi, na kulitandaza blanketi juu ya magoti yao wote wawili. "Baridi huyu ni wa watu wawili," akasema. Babu akafikiri kidogo, akalivuta kidogo upande wake, akamuuliza anafuga nini. Wakaongea mbuzi mpaka ndafu ikaletwa, yule mbuzi mzima wa kuchoma.

Mwalimu alipopita na sahani akainama kati yao. "Baba," akamwambia mzee wetu, "ukitaka kumwona, nyumbani kwangu ni Jumapili baada ya ibada. Lakini njoo na mama. Peke yako mwavuli utaniua."

Niliwarudisha Ngaramtoni kwa gari la jirani yangu kabla jua halijazama. Mke wa mzee alikuwa amefunga vipande vitatu vya keki kwenye kitambaa cha meza ambacho sidhani alipewa, na njia nzima walibishana kama kipande kilichobonyea ni cha nani. Blanketi lilibaki kwa mwenyewe. Walipoteremka, mzee aliuliza kupitia dirishani kama hotuba yake ilieleweka, maana aliona watu wanalia na kwake halikuwa jambo la kulia.

"Ilieleweka, baba," nikasema.

"Hapo pa brashi pia?"

"Hapo hasa."

Akaridhika. Mke wake akamvuta shuka, wakaanza kupanda kupitia mahindi, mama mbele na keki, yeye nyuma, kichwa wazi, akijifuta manyunyu kwa kiganja.